Wageni wa Uani

Uwanja wa nyuma ya nyumba ya Mama Usafi ulikuwa msafi kiasi kwamba kuku wa jirani, akipotea njia na kuingia humo, alitoka upesi kama mtu aliyekanyaga sebule ya watu kwa viatu vya matope. Ardhini hapakuwa na jani wala unyasi. Kila alfajiri, akishamaliza sala zake, mama huyo alishika ufagio wa chelewa na kufagia ardhi mpaka ikabaki na mistari iliyonyooka kama nywele zilizochanwa. Kwa miaka thelathini alikuwa mfagizi katika hospitali kubwa ya mji. Hata baada ya kustaafu, mikono yake haikujua kwamba kazi imekwisha. Jina la Mama Usafi alipewa na wenzake kazini, nusu kwa utani na nusu kwa heshima, na kadiri miaka ilivyopita hata mumewe alisahau kumwita kwa jina jingine.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na mtaa mzima ulimwita Dereva. Alikuwa mtu wa maneno. Akirudi safari, sebule yake ilijaa watu, naye akawasimulia habari za mizani, za matope na za madaraja mpaka wakashika mbavu kwa kicheko. Alipenda kusema kwamba nyumba isiyo na mgeni ni kama lori tupu: hupiga kelele nyingi njiani na haina ilichobeba.

Asubuhi moja, miezi miwili baada ya yeye naye kustaafu, alikuwa ameketi kitandani akifunga kamba za viatu. Kamba ikamponyoka. Akaishika, ikamponyoka tena. Alipotaka kumwita mkewe, ulimi ulikuwa mzito kama kipande cha ubao. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia, mkono na mguu, na maneno yake yote yaliyokuwa yakijaza sebule yakafungiwa ndani kama shehena iliyopotelewa na ufunguo.

Aliporudishwa nyumbani kutoka hospitalini, wageni walimiminika. Walivua viatu mlangoni wakisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii watu huitumia zaidi kwa mzaha, kwa kuwa mgeni akija, kile kizuri kilichofichwa kabatini hutolewa, na mwenyeji naye hupata kula. Lakini ina maana ya ndani zaidi. Mgeni humtoa mwenyeji katika unyonge wake. Humlazimu ainuke, atoe kiti, aulize habari, na katika kumhudumia mwenzake hujikuta amejihudumia mwenyewe. Mama Usafi aliishika maana hiyo, akawapokea wote kwa matumaini.

Lakini mwenyeji hakupona. Mgeni mmoja alimsemesha kwa sauti ya juu, kana kwamba ugonjwa ulikuwa masikioni. Mwingine alimmalizia maneno aliyokuwa akihangaika kuyatoa, tena akayamalizia vibaya. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo mbele ya vijana aliowafundisha kazi ya udereva mwenyewe. Mwezi wa pili alianza kugeukia ukutani kila aliposikia hodi. Mwezi wa tatu, hodi zenyewe zikapungua. Ukuta ule ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa na haukuwa na kitu cha kutazama isipokuwa ufa mmoja mwembamba, naye akautazama huo kutwa nzima.

Kila Jumanne alikuja binti wa mazoezi ya viungo kutoka kliniki, msichana mwenye begi mgongoni na subira ya mwalimu wa chekechea. Alimwomba Dereva ainue mguu. Dereva akafumba macho. Alimletea fimbo ya chuma yenye miguu minne. Ikageuka kuwa mahali pa kuanika taulo. Jumanne moja alimwita Mama Usafi ukumbini na kumweleza bila kumficha.

"Dawa anameza, mama, na presha imeshuka. Kilichobaki ni yeye mwenyewe. Miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kazi. Akiendelea kutazama ukuta, mguu utazoea kulala na ulimi utazoea kunyamaza."

"Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Mtafutie sababu ya kugeuka."

Siku hiyo Mama Usafi alipiga magoti kando ya ndoo na tambara. Aliona aibu kumwomba Mungu mambo makubwa huku wengine wakiomba hata pumzi tu. Kwa hiyo aliomba sababu moja, hata kama ni ndogo.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya kupiga deki chumbani. Kama kawaida, alikisukuma kitanda pamoja na mtu wake hadi upande wa pili ili afute sakafu chini yake, na safari hii alikiacha karibu na dirisha la uani wakati sakafu ikikauka. Kisha akatoka na ndoo, akamwaga maji nje. Karibu na bomba ardhi ilikuwa imebonyea kidogo, maji yakatuama pale. Aliporudi chumbani alimkuta mumewe ameinua kichwa kutoka kwenye mto. Nje, kando ya kidimbwi, tetere mmoja wa rangi ya majivu alikuwa akinywa.

"Te," alisema Dereva. Akameza mate, akajaribu tena. "Tetere."

Hilo lilikuwa neno zima la kwanza kwa muda wa wiki kadhaa. Tambara lilimtoka Mama Usafi mkononi. Kitanda hakikurudi ukutani tena.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mfagizi peke yake angeweza kulifanya. Alitaka ndege waje wengi, basi akawaandalia mahali kama wanavyoandaliwa wakaguzi wa wizara. Alifagia uwanja mara mbili. Alikifukia kile kidimbwi. Aling'oa magugu machache yaliyosalia chini ya ukuta na kukikata hadi magotini kichaka kilichokuwa kikichipua pembeni. Alisugua karai kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, akalijaza maji hadi ukingoni, akamwaga mchele mweupe kwenye sinia linalong'aa. Kisha wakangoja. Siku ya kwanza hakuja ndege. Siku ya pili alikuja kunguru, akaliinamia sinia, akajitazama, akaenda zake. Siku ya tatu Dereva aliacha kutazama nje, akafunika uso kwa shuka.

Mama Usafi alivaa viatu akaenda hospitalini alikokuwa akifanya kazi, kumtafuta mtunza bustani. Kwa miaka thelathini walikuwa na ugomvi usiokwisha, yeye akilalamika kwamba majani ya miti yanaingia kwenye korido, na bwana yule akijibu kwamba miti haijui korido. Alimkuta nyuma ya jengo la kufulia akikusanya majani makavu.

"Leo ufagio umekuja wenyewe kulitafuta jani," alisema yule bwana, akaegemea reki.

Mama Usafi hakuwa na nguvu za kutaniana. Alimweleza habari zote, kuanzia ukuta hadi kunguru. Mtunza bustani aliacha utani. Alimuuliza uwanjani mwake kuna nini.

"Hakuna kitu, ila mlimau na kichaka nilichokikata. Ni pasafi kabisa."

"Basi umejijibu. Ndege ni mgeni, Mama Usafi, lakini si mkaguzi."

Akamfundisha taratibu. Karai lenye kina humtisha ndege, kwa hiyo maji yawe kidogo na jiwe liwekwe katikati, naye apate pa kusimama. Dawa ya kuua vijidudu itupwe mbali. Badala ya mchele mweupe, mtama na uwele. Majani makavu yaachwe chini, kwa sababu humo ndimo wadudu wanamoishi, na ndege asiyekula nafaka hula hao. Kichaka kiachwe kikue, kwa kuwa hakuna anayekula kwa raha mahali asipoona pa kukimbilia paka akitokea. Na viwavi wa kwenye mlimau, ambao Mama Usafi alikuwa akiwapaka majivu kila mwaka, wasiguswe. "Ukimuua kiwavi," alisema, "usiulize kipepeo yuko wapi." Alimkatia vipande vya mmea wenye maua mekundu marefu kama tarumbeta, na mwisho akamjazia gunia zima la majani makavu.

Karibu na nyumbani Mama Usafi alikutana na wifi yake, dada wa Dereva, muuza mitumba aliyekuwa na moyo mzuri na ulimi usio na breki.

"Wifi, huo mzigo gani?"

"Majani."

"Ya chai?"

"Makavu. Nakwenda kuyamwaga uani."

Wifi aliutua chini mzigo wake wa nguo, akamtazama kwa huruma. "Haya. Kaka kapooza mguu. Wewe mwenzangu umepooza nini?"

Hata hivyo alimsaidia kubeba, akilalamika njia nzima.

Alfajiri ya kwanza bila kufagia ilikuwa ngumu kama siku ya kwanza ya mfungo. Mama Usafi alizunguka ndani ya nyumba akifuta vitu vilivyokwisha kufutwa. Mwishowe alimpa wifi yake ufagio aende nao kwake. Wifi aliupokea akisema kwamba amewahi kusikia mlevi akikabidhi chupa kwa mwenzake, lakini mlevi wa ufagio ndiyo kwanza amuone.

Siku ya tano walikuja shomoro. Walishuka sita kwa pamoja, wakagombania mtama, wakarushiana majani. Dereva aliwatazama kwa muda mrefu.

"Makuli," alisema.

Mkewe alicheka, kwa sababu walifanana kweli na makuli wanaoshusha mzigo kwa kelele. Kuanzia siku hiyo kila mgeni wa uani alipewa jina la barabarani. Tetere, ambaye aliruka kwa tabu huku mabawa yakipiga kelele, aliitwa Tipa. Maua mekundu yalipochanua alikuja chozi, yule ndege mdogo anayenyonya utamu wa maua, akiingia huku na kutokea kule bila kutoa ishara, naye akaitwa Pikipiki. Viwavi wa kwenye mlimau walikula majani hadi Mama Usafi akafumba macho kwa uchungu, kisha wakajifunga, kisha asubuhi moja vipepeo weusi wenye madoa ya njano wakawa wanapita mbele ya dirisha. Hao Dereva aliwaita Abiria, kwa kuwa hawana haraka. Kila neno lilimgharimu jasho. Alilitafuta, akalishika mkia, likamponyoka, akalishika tena. Mkewe alijifunza kungoja bila kumsaidia, na kwake kazi hiyo ilikuwa nzito kuliko kupiga deki wodi tatu.

Binti wa mazoezi alipoona hayo hakupoteza muda. Alimtoa kitandani, akamkalisha kwenye kiti mbele ya dirisha. Kila Jumanne alilisogeza sinia la mtama kidogo zaidi upande wa kulia, ili mgonjwa alazimike kugeuka upande wake uliolala. Kisha akaliweka chini kabisa ya dirisha, mahali ambapo mtu aliyeketi hawezi kuliona. Dereva alishika nondo za dirisha kwa mkono wa kushoto akasimama, mara ya kwanza hadi kuhesabu ishirini, baada ya wiki mbili hadi mia.

Lakini kutembea alikataa. Wiki za mwanzo aliwahi kuanguka bafuni, akalala sakafuni nusu saa mkewe akiwa sokoni, na hofu ya siku ile ilikuwa bado imekaa ndani ya goti lake. Kila alipopewa fimbo ya miguu minne alirudi kitini. "Nita... anguka," alisema. Mtu aliyeshusha tani thelathini kwenye miteremko ya milima aliogopa hatua moja. Binti wa mazoezi hakumlazimisha, ila Mama Usafi alisoma usoni mwa binti huyo kwamba mwezi wa tano ulikuwa umeanza na miezi ya kazi inakwisha.

Katika mwezi huo kichaka cha pembeni, ambacho miaka yote hakikuwahi kuvuka magoti, kilifika kifuani. Shore wawili walikikagua siku mbili. Hao ni ndege wa kahawia wenye kishungi cheusi kichwani, na mmoja wao alikuwa na tabia ya kusimama juu ya jiwe katikati ya karai na kuwapigia wenzake mbinja. Dereva alikuwa amemwita Trafiki tangu siku ya kwanza. Sasa Trafiki na mkewe walileta vijiti na nyuzi, moja ikiwa imetoka kwenye mitumba ya wifi, wakajenga kiota katikati ya matawi. Mtu akiketi hakioni. Akisimama kwenye nondo anakiona. Dereva alisimama. Alihesabu mayai matatu, kisha makinda mawili yenye midomo mikubwa kuliko vichwa. Siku nzima alimtolea mkewe taarifa: wamekula, wamelala, baba yao kachelewa.

Ndipo ujumbe ulipofika. Wafagizi waliokuwa wenzake Mama Usafi hospitalini, kumi na wawili kwa idadi, wangekuja Jumamosi asubuhi kumjulia hali mgonjwa. Wangeongozwa na msimamizi wao, ambaye wafagizi walimwita Bi Kidole, kwa sababu alikuwa na mazoea ya kupitisha kidole juu ya milango na kukiangalia.

Mama Usafi alifurahi, kwani ilikuwa zamani tangu hodi isikike. Lakini alipotoka uani kuanua nguo, aliutazama uwanja kwa macho ya Bi Kidole. Majani yaliyooza. Nyasi zilizofika kwenye vifundo vya miguu. Kinyesi cha ndege ukutani. Mlimau ulioliwa nusu. Watasema nini? Watasema mume kaanguka na nyumba nayo ikaanguka. Watasema Mama Usafi amekwisha. Miaka thelathini hakuwa na elimu ya kujivunia, wala cheo, wala mtoto. Alichokuwa nacho ni kwamba mtu angeweza kula chakula kwenye sakafu yake. Alijaribu kuomba, lakini katikati ya maombi mawazo yalikwenda kwenye ufagio.

Jumamosi, jua likiwa bado changa, wifi alifika kusaidia kuandaa chai, naye alikuwa ameagizwa aje na ufagio. Mama Usafi alimpa mumewe uji, akamkalisha kitini, kisha akalivuta pazia la dirisha la uani. Alimwambia kwamba jua litamchoma. Dereva alilitazama pazia, kisha akamtazama mkewe.

Alianza na majani. Mkono wake ulifurahi na moyo wake ukaona haya, lakini mkono ndio uliokuwa na ufagio. Nusu ya uwanja ikarudi kuwa na ile mistari iliyonyooka. Alifyeka nyasi. Kisha akakifikia kichaka, nacho ndicho kilichoharibu sura ya mahali kuliko vyote. Alikuwa amepanga kila kitu: angekichukua kiota na matawi yake, akiweke ndani ya kikapu juu ya ukuta, na wazazi wangekiona. Ndege wana mabawa, alijiambia, wanaweza kuhama. Mimi na aibu yangu nitahamia wapi?

Akashusha panga kwenye tawi la kwanza. Shore waliruka wote wawili, wakapiga kelele juu ya kichwa chake, wakarudi, wakapiga tena. Ndani ya kiota makinda yalinyamaza kimya, kama watoto wanaojua kuna hatari nje.

Aliliinua panga mara ya pili. Nyuma yake akasikia chuma kikigonga saruji. Ko. Kimya. Kisha ko.

Alipogeuka, mumewe alikuwa mlangoni. Shati lilifungwa vifungo vya kupishana. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya fimbo ya miguu minne, na taulo lilikuwa bado linaning'inia hapo. Nyuma yake, kwenye mlango wa jikoni, alisimama wifi akiwa ameshika birika, na ulimi wake usio na breki ulikuwa umesimama pamoja naye. Dereva alishuka kidaraja cha mlango. Goti lilitetemeka. Mama Usafi alitaka kukimbia amshike, lakini macho ya mumewe yalimwambia abaki alipo. Akapiga hatua ya pili, ya tatu, ya nne. Mguu wa kulia ulijikokota, ukachora mfereji mrefu juu ya ardhi iliyofagiwa. Alipofika akasimama kati ya mkewe na kichaka, akihema, jasho likimtiririka.

"Weka... panga."

"Dereva, wenzangu wanakuja. Nitaaibika. Ni wageni wale."

Akaonyesha kiota kwa kidevu. "Na hawa?"

Dereva alilitafuta neno, likamponyoka, akalishika, na safari hii hakuliachia mpaka yalipofuata na mengine.

"Hawa... wageni wangu. Walikuja... nikiwa... ukutani."

Panga lilianguka chini. Mama Usafi alijifunika uso kwa upindo wa khanga na kulia. Alikuwa akilia kwa furaha na kwa toba, wala hakuweza kutenganisha ipi ni ipi. Mumewe alimgusa bega kwa kidevu, maana mkono mmoja haukuwa na uhai na wa pili ulikuwa na kazi ya kumsimamisha. Kisha akasema neno jingine, nalo lilikuwa "Kiti."

Wifi alikileta kiti mbio. Sauti yake ilipomrudia, alichukua gunia la majani yaliyokwisha kuzolewa, akayamwaga tena uwanjani kwa mikono yote miwili, akinung'unika kwamba katika ukoo huu mtu akikaa sana atajikuta akizoa takataka na kuzirudisha mwenyewe. Shore wa kwanza alirudi kwenye kichaka kabla wifi hajamaliza. Tawi lililokatwa lilikuwa la pembeni, na kiota hakikuguswa.

Wafagizi waliingia kwa mlango wa mbele wakiwa wamevaa vizuri, wakapitishwa hadi mlango wa nyuma. Hapo wakasita. Waliliona jani. Waliona majani mengi. Walimwona Mama Usafi, yule waliyemjua wao, ameketi chini kwenye mavumbi na takataka nyweleni. Wote wakamgeukia Bi Kidole. Lakini kabla msimamizi hajafungua kinywa, sauti ilitoka kwenye kiti kilichokuwa karibu na kichaka, nzito na ya kukatika, lakini sauti ya mwenye nyumba.

"Karibuni. Polepole. Kuna... watoto."

Bi Kidole alimtazama yule mwanamume ambaye habari zake mjini zilisema hasemi wala hainuki. Akautazama mfereji uliotoka mlangoni hadi kitini. Kisha akainama, akavua viatu vyake, kama avuavyo mtu kwenye sakafu iliyotoka kufutwa, na kuingia uwanjani kwa vidole vya miguu. Wengine kumi na mmoja wakamfuata vivyo hivyo.

Walikaa hadi chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Dereva aliwatambulisha Makuli, Tipa, Pikipiki na Abiria, kisha akasimulia kisa kirefu cha Trafiki anayechelewa nyumbani. Aliyasema kwa kusimama njiani mara nyingi, na hakuna aliyemmalizia neno, kwa kuwa hakuna aliyejua ndege anayefuata angeitwa nani. Walimngoja. Wakacheka mahali pa kucheka. Mfagizi mmoja alicheka hadi akashika mbavu, na Mama Usafi, alipousikia mcheko huo nyumbani mwake, aliinamisha kichwa na kumshukuru Mola kimyakimya.

Mkono wa kulia wa Dereva haukurudi. Binti wa mazoezi alisema ukweli huo, nao waliupokea. Lakini Jumanne iliyofuata, binti huyo alipobisha hodi, ilimbidi angoje mlangoni kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alisikia chuma kikigonga saruji, polepole, kikija upande wake. Kisha mlango ukafunguliwa na mgonjwa mwenyewe. Dereva alimkaribisha ndani, akamuuliza habari za nyumbani, akamwonyesha kiti. Na hivyo ndivyo methali ile ilivyothibitika katika nyumba hiyo, ingawa wageni wenyewe walikuwa na mabawa, hawakubisha hodi na waliacha uchafu ukutani: mgeni njoo, mwenyeji apone.